Ile pesa iliyokatwa kwenye cheki ya marehemu

Akina mama waliokosa kuja Jumamosi wamenisumbua wiki nzima niwaandikie yale niliyosema pale ukumbi wa kanisa, hapa Louisville, kuhusu malipo ambayo Social Security, yaani ofisi ya serikali ya Marekani ya hifadhi ya jamii, inawapa mjane na watoto mfanyakazi akifa. Haya basi, nimeyaandika kama nilivyoyaongea, na kurukaruka kwangu kumo humo humo.

Shikamooni wazee wangu. Mashemeji zangu Wakongo, jambo sana. Wadogo zangu mliojificha huko nyuma na watoto, sogeeni mbele viti vipo, msiogope sitamuuliza mtu swali leo.

Wengi mnanijua. Mi ni mtoto wa Kasulu, niliolewa 2001 na Mkongo wa Fizi aliyekuwa anakaa kambi ya Nyarugusu, hana kitu ila baiskeli na maneno matamu. Tukaja huku Kentucky 2013 mwezi wa tatu, mwezi wa sita akaanza kazi ya usiku weahausi, ghala la mizigo, na 2016 mwezi wa kumi na moja akiwa anarudi asubuhi akapata ajali barabarani, hakufika nyumbani. Alikuwa na miaka 41. Akaniachia watoto watatu, wa 14, wa 9 na wa 6, na gari ambalo bado tulikuwa tunalilipia na sasa limebaki vyuma.

Sikuja kuwaliza. Nimekuja tuongee pesa.

Mtu akifa huku sisi kazi yetu tunaijua. Kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa usiku uleule, mweka hazina anachaguliwa, mchango unaanza, kama mwili unarudi nyumbani basi ni maelfu ya dola na bado watu watatoa, watapika, watalala kwa mfiwa wiki nzima, yaani kwenye hilo hatuna mpinzani. Ila katika vikao vyote vya msiba nilivyokaa, na nimekaa vingi, sijawahi kusikia mwenyekiti anasimama anasema, jamani, nani kesho anampeleka mjane Social Security? Hakuna. Siku ya saba watu wanakunja mikeka wanaondoka, na mjane anabaki na sufuria za watu na bili ya nyumba.

Sasa ukifika nyumbani leo chukua karatasi ya mshahara, yako au ya mzee, angalia ule upande wanaokata hela. Utaona mstari umeandikwa FICA, kwingine wanaandika OASDI, ndo makato ya Social Security hayo. Pale inakatwa asilimia 6.2 ya kila dola anayopata, na mwajiri anaweka 6.2 nyingine ya kwake juu yake. Kila wiki mbili. Ukiwauliza watu wa hapa ndani hiyo ni ya nini, tisa kwenye kumi watakwambia ni ya uzeeni. Ni kweli, ila nusu. Ile herufi S iliyo katikati ya OASDI ni ya waliobaki nyuma baada ya mfanyakazi kufa, mke, mume, watoto, hata wazazi wake wenye miaka 62 na kuendelea kama yeye ndo alikuwa anawatunza. Sheria yenyewe ilianza 1935 wakati wa Rais Roosevelt, mwanzoni ilikuwa ya wazee tu, 1939 ndo wakaongeza wajane na watoto. S ile ni sisi, akina mama.

Kwa hiyo mtu asikwambie ni msaada wa serikali. Hiyo ni bima, marehemu ameilipia kwa mgongo wake. Kuna mama hapa, yupo, sitamtaja, aliniambia mimi siendi kule nitanyimwa uraia, wataniandika nimekuwa mzigo. Hapana mama yangu. Malipo haya hayahesabiki kwenye hayo mambo ya kuwa mzigo wa serikali, maana ni haki iliyotokana na kazi. Ukiwa na grinikadi, ukiwa mkimbizi, uko hapa kihalali, unaomba bila woga.

Mimi mwenyewe mnaniona naongea hapa kama mjuzi lakini nilichelewa, na nilichelewa kwa ujinga. Baada ya mazishi kuna bwana mmoja wa jumuiya yetu anayesaidia watu karatasi, nikamuuliza, shemeji, hakuna chochote cha watoto? Akanijibu bila hata kufikiri, dada, hapa mpaka mtu awe amefanya kazi miaka kumi, mume wako kafanya mitatu na nusu, sahau. Nikasahau kweli. Sikumchukia, alisema alichosikia, na hiyo miaka kumi mpaka leo inazunguka midomoni mwa watu kama sala.

Ukweli uko hivi. Hiyo miaka kumi ni pointi 40, wao wanaita krediti, na mtu anapata pointi nne tu kwa mwaka hata afanye kazi mpaka usingizi umkimbie. Mwaka 2025 kila dola 1,810 za kipato zilikuwa pointi moja, ukifika 7,240 ulikuwa umeshamaliza zako nne za mwaka. Pointi 40 ni za pensheni ya uzeeni. Mtu akifa kijana haulizwi 40, anaulizwa pointi moja kwa kila mwaka baada ya ule aliofika 21 hadi mwaka kabla ya kufa, kwa hiyo wangu aliyekufa na miaka 41 alitakiwa kuwa na 19. Alikuwa na 16. Hapo yule shemeji angesema si nilikwambia. Ila kuna mlango mwingine, na huu ndo nataka muende nao nyumbani hata mkisahau mengine yote: kama marehemu alipata pointi sita tu katika ile miaka mitatu ya mwisho kabla ya kufa, yaani kazi ya mwaka mmoja na nusu, watoto wake wadogo wanalipwa, na mama anayewalea analipwa. Mwaka na nusu! Wangapi hapa wamezika waume waliofanya kazi mwaka na nusu wakarudi nyumbani wakakaa kimya?

Mimi nilikuja kuambiwa na mama mmoja Mmarekani mweusi tuliyekuwa tunafanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee, tunageuza wagonjwa usiku, akaniuliza tu kwa mazungumzo, watoto wako wanapata ngapi za baba yao? Nikasema za nini? Akasimama. Kesho yake alinipeleka mwenyewe. Ilikuwa mwezi wa kwanza 2018, miezi kumi na nne imepita, na hawa watu wakirudi nyuma wanarudi miezi sita basi. Nikalipwa kuanzia mwezi wa saba 2017. Ile minane ya mwanzo, ambayo ndo nilikuwa nashindia chai na watoto wakilala na makoti kwa sababu nilishindwa hita, imekwenda na maji. Kwangu ilikuwa kama dola 850 kwa mwezi nyumba nzima. Zidisheni wenyewe mara nane.

Naona wengine mmeguna, 850 tu? Ndio, 850 tu. Wanapiga hesabu ya mshahara wa mtu tangu ujana wake, sasa mtu aliyefika Marekani na miaka 38 ana miaka mingi ya sifuri, ile ya kulima Fizi na ya kambini hawaihesabu, basi wastani unashuka. Mwingine ambaye mume wake amefanya kazi hapa miaka ishirini atapata mara mbili tatu yangu. Lakini hiyo 850 ililipa kodi ya nyumba ikabaki ya bili ya umeme, na ilikuja kila mwezi bila kumpigia mtu magoti, jamani kuna tofauti.

Jinsi wanavyoigawa ni kama keki. Wanaangalia kiasi cha marehemu, yaani pensheni ambayo angelipwa mwenyewe kwa mwezi, kila mtoto anastahili asilimia 75 ya kiasi hicho, na mama mwenye mtoto chini ya miaka 16 naye 75, ila nyumba nzima ina kikomo, kati ya asilimia 150 na 180 hivi. Chukua mfano marehemu kiasi chake ni 1,600 kwa mwezi, basi hata mkiwa kumi mtagawana kati ya 2,400 na 2,900 kasoro. Ndo maana mkubwa wangu alipofika 18 akamaliza shule na kutolewa, nililia nikidhani hela inapungua, kumbe kipande chake kilihamia kwa wadogo zake, keki ikabaki ileile. Mtoto anakula mpaka 18, kama bado anasoma sekondari basi mpaka 19, chuo hakihesabiki, kuna wazazi wanapeleka barua ya chuo wakitegemea, hapana, hiyo ilifutwa miaka ya 80. Mtoto mwenye ulemavu ulioanza kabla ya 22 huyo anaendelea hata akiwa na mvi, maadamu hajaoa au kuolewa.

Na hela ya mtoto ni ya mtoto. Inakuja kwa jina lake, wewe ni mshika mkoba tu. Chakula, nguo, kodi ya nyumba anayolala, sawa kabisa. Ila baba mdogo akipiga simu kutoka Bukavu anasema shemeji tumalizie ile nyumba ya marehemu kwa hela za watoto, mwambie pole baba mdogo, serikali ya watu inaweza kuniuliza. Hilo ni jibu zuri, halina ugomvi, nimelitumia sana.

Sasa mama mwenyewe. Kama unalea mtoto wa marehemu aliye chini ya 16 unalipwa, umri wako usijali, hata una 25. Mtoto akifika 16 chako kinasimama, cha mtoto kinaendelea. Halafu kunakuja pengo. Ukiwa na 44 mtoto amefika 16, utakaa bila kitu mpaka ufike 60, isipokuwa una ulemavu, hapo ni 50. Mimi kitinda mimba wangu sasa ana 15, kwa hiyo najua mwezi gani wangu unakwisha, nimeuzungushia duara kwenye kalenda ya jikoni.

Ukifika 60 sasa mjane unarudi kwa haki yako mwenyewe, huhitaji mtoto. Unaanza na asilimia 71.5 ya kiasi cha marehemu, na ukivumilia kinapanda kidogokidogo mpaka umri wako kamili, kwa waliozaliwa 1962 na kuendelea ni 67, hapo unachukua 100. Na kama wewe mwenyewe umefanya kazi miaka kumi, sikilizeni hapa, unaruhusiwa kuanza na moja ukahamia nyingine. Unaweza kuchukua ya marehemu ukiwa 60, yako ukaiacha inanenepa mpaka 70, halafu ukahama. Au kinyume chake, inategemea ipi kubwa. Mbili kwa pamoja zikiwa kamili hawatoi, wanakupa ile kubwa. Mlio na 58, 59, nendeni mkaombe wawapigie hesabu zote mbili kabla hamjaweka sahihi, maana ukishaweka kurudi nyuma ni kazi.

Lakini mimi, niwe mkweli, nikifika 60 sitapata ya mjane kwa jina lake. Zile pointi sita zinafungua mlango wa watoto na mama yao tu, ule mlango wa miaka 60 ulitaka 19, na alikuwa na 16. Tatu zilipungua. Angeishi mpaka mwakani yake ingekamilika. Nimeshaacha kuhesabu, nageuza wagonjwa napata zangu.

Kuolewa tena. Naona sasa mmekaa vizuri. Ukiolewa kabla ya 60 haki yako ya mjane inaondoka, na mama anayelipwa kwa ajili ya mtoto naye akiolewa chake kinakatika, cha watoto hakiguswi. Ukiolewa baada ya 60 hakuna anayekuuliza, unaendelea kula cha marehemu na mume mpya yuko sebuleni. Kuna bibi mmoja alikuwa na 59 na miezi minne, bwana harusi ana haraka, tukamwambia dada, miezi minane tu, kama anakupenda atasubiri. Alisubiri. Harusi tumeila.

Haya, ndoa yenyewe. Wanataka ndoa iwe imedumu angalau miezi tisa kabla ya kifo, ila kifo cha ajali, au mmezaa mtoto pamoja, hapo kuna nafuu. Shida yetu sisi siyo miezi tisa, shida ni kwamba wengi tumekaa tu. Mtu amekaa na mwanaume miaka kumi na moja, mahari ilikwenda, kanisa linawajua kama mama na baba fulani, lakini hawajawahi kwenda kuchukua karatasi. Wanaangalia sheria ya jimbo alilokuwa anakaa marehemu. Iowa na Texas wanatambua watu walioishi kama mke na mume wakijulikana hivyo, ushahidi ukiwepo. Hapa Kentucky hapana. Ukianza kukaa naye hapahapa bila karatasi, akifa, watoto watapata ila wewe utaambiwa pole. Ndoa ya kule nyumbani iliyokubalika kwa sheria ya kule, hiyo leteni, ya bomani, ya kanisani, ya msikitini, ya kimila iliyoandikishwa, wanaiangalia. Wale mmekaa miaka na hamna kitu, ofisi ya kaunti iko mtaani hapo, mnakwenda wawili na vitambulisho mnalipia leseni, mnafungishwa ndoa, karamu mtafanya mkipenda. Shemeji unayecheka hapo dirishani nakuona, na mama watoto naye anakuona.

Ndoa ya pili pia tuiseme bila kuoneana haya. Mzee ana mke wa kambini na mke wa huku. Mbele ya ofisi mke ni mmoja, yule wa kisheria. Ila watoto, wa ndani na wa nje, wote ni watoto, ilimradi kuna ushahidi kuwa ni damu yake, aliandika mwenyewe, mahakama ilisema, jina lake liko kwenye cheti. Na wale wa nje wanaingia kwenye keki, ndio, kipande cha wako kitapungua. Najua inauma. Lakini mtaliki, yule aliyeachana naye baada ya ndoa ya miaka kumi au zaidi, akifika 60 akaja kudai, yeye hali kwenye keki yako. Analipwa pembeni. Nimeona wanawake wawili wanavutana nguo kwenye maegesho ya magari kwa jambo ambalo halimpunguzii mwenzake hata senti.

Wanaume nanyi msidhani haya ni ya akina mama. Zamani yalikuwa ya akina mama tu kweli. Kulikuwa na baba mmoja New Jersey, Stephen Wiesenfeld, mke wake Paula alikuwa mwalimu na ndiye aliyekuwa na mshahara mkubwa, 1972 akafa akijifungua, mtoto wa kiume akapona. Baba akataka kukaa nyumbani amlee mwanae, akaenda Social Security, wakamwambia mtoto atapata, wewe hapana, malipo ya mlezi ni ya akina mama. Akaenda mahakamani, wakili wake akiwa Ruth Bader Ginsburg kabla hajawa jaji, na 1975 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema mwanamke aliyekatwa mshahara sawa na mwanaume familia yake ilindwe sawa. Kwa hiyo baba uliyefiwa na mke alikuwa anakatwa FICA kiwanda cha kuku, nenda.

Sasa niwaguse madereva wa lori na wa teksi za simu, na hapa nitawaudhi. Wewe hukatwi na mtu, unatakiwa ujilipie mwenyewe, asilimia 15.3 ya faida, siku ya kodi. Halafu unakwenda kwa yule fundi wa kodi anakuandikia dizeli, matairi, simu, lori lenyewe, mpaka faida ya mwaka inabaki dola mia tatu, unatoka unacheka umeikwepa serikali. Faida ikiwa chini ya dola 400 hulipi kitu, na pointi hupati hata moja. Umeendesha mpaka California na kurudi mwaka mzima na kwenye kitabu cha Social Security huo mwaka ni sifuri. Ukifa barabarani, Mungu apishilie mbali, mke wako atakuja hapa niliposimama mimi na hatakuwa na zile pointi sita. Anayelipwa keshi mkononi ni hivyohivyo. Na kama marehemu hakuwahi kupeleka kodi ya miaka ya mwisho, mjane unaweza kuipeleka wewe, ila usikae, miaka mitatu na miezi mitatu na siku kumi na tano tangu mwaka huo uishe, baada ya hapo kitabu kimefungwa.

Karatasi. Chukueni nakala nyingi za cheti cha kifo, mimi nilichukua mbili, moja ikaenda na shemeji aliyesindikiza mwili, nikabaki nahangaika. Cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, namba za Social Security za wote, W-2 yake ya mwisho, ile karatasi ya mwajiri ya mshahara wa mwaka. Mtakutana na mambo mawili ya kwetu. La kwanza, majina. Wakongo kila mtoto ana jina lake, baba jina lake, hakuna linalofanana, na yule afisa amezoea nyumba nzima jina moja, atakuuliza kwa adabu kama hawa watoto ni wa marehemu kweli. Usikasirike kama nilivyokasirika mimi. Eleza kuwa kwetu ndo desturi, toa cheti cha kliniki ya kambi, cha ubatizo, karatasi za safari mlizokuja nazo zinazoonyesha familia moja. La pili, nusu yetu karatasi zinasema tumezaliwa tarehe moja mwezi wa kwanza. Tarehe iliyoko kwenye karatasi zako za uhamiaji ndo hiyohiyo ushike, usianze kukumbuka tarehe ya kweli siku hiyo mbele ya dirisha.

Maombi haya huyafanyi kwenye intaneti, unapiga simu au unakwenda mwenyewe. Piga mapema, sema wazi kuwa unataka kuomba malipo ya mjane na ya watoto, andika tarehe na jina la aliyekusikiliza. Mkalimani wa Kiswahili ni bure, mdai, msiwabebe watoto kwenda kutafsiri kifo cha baba yao, mimi nilifanya hivyo na mwanangu wa miaka 15 na mpaka leo nikikumbuka uso wake najilaumu. Kuomba ni bure pia. Anayekwambia nipe mia tano nikujazie, kimbia. Ukiletewa barua ya hapana una siku 60 za kukata rufaa, barua ya kwanza siyo neno la mwisho.

Mambo madogo madogo nimalize. Ipo hela ya mara moja inaitwa ya mazishi, dola 255. Ndio, mia mbili hamsini na tano. Kikomo hicho hakijasogea tangu 1954, leo hainunui hata shada la maua na sanda, lakini ni yako, una miaka miwili kuidai. Ukifanya kazi huku unalipwa ya mjane na hujafika ule umri kamili, kuna kiwango cha kipato, 2025 kilikuwa dola 23,400 kwa mwaka, ukivuka kila dola mbili za juu wanakata moja ya kwako, ya watoto hawagusi. Dada mmoja mwenye mtoto mmoja alipiga ovataimu mwaka mzima bila kusema, akaletewa barua ya kurudisha maelfu. Fudi stempu, ule msaada wa chakula, inaweza kupungua, msishangae. Na mzee aliyekuwa tayari analipwa pensheni akifa hata tarehe 30, malipo ya mwezi ule hayapo, lazima awe hai mwezi mzima, zikiingia benki msiziguse maana watazifuata.

Na mnaofikiria kurudi nyumbani kabisa, kama siyo raia wa Marekani ukikaa nje zaidi ya miezi sita wanaweza kusimamisha, na kuna sharti la kuwa ulishakaa hapa miaka mitano ukiwa mke au mtoto wa marehemu. Kabla hamjauza vitanda, ulizeni.

Nasikia harufu ya ndizi na nyama, najua mmeshaacha kunisikiliza. Meza ile ya kushoto tumeweka kalamu na karatasi, mimi na wadogo zangu wawili tutakaa pale mpaka saa kumi. Jumanne naendesha gari kwenda ofisini, viti vitatu viko wazi. Na wewe mama uliyekuja na cheti cha ndoa cha Uvira kimechanika katikati, usikikunje tena, njoo tukipige picha kabla watu hawajaanza kula na mikono ikawa na mafuta.